Nduru Niliyojililia Ziwani

Ninyi vijana mnaopokea kikundi chetu, nyamazeni kwanza. Nimesikia mnacheka. Kila mkiingia ofisini mnasimama mbele ya ile picha kubwa ya ukutani, wamama ndani ya boti, na mnaulizana, "Hizi kofia jamani, walikuwa wanaenda harusi ya nani?" Chekeni tu. Kofia yangu ni ile nyeupe yenye ua kubwa, na meno ninayoonyesha pale ni meno ya mtu anayeogopa. Mkimaliza kucheka kofia, angalieni mikono. Hakuna mmoja wetu ambaye hajashika kitu. Huyu ameshika ubao, huyu ameshika mwenzake, mimi nimeshika vyote viwili.

Omondi, katibu wenu, aliniletea karatasi ya maswali. Maono ya kikundi, changamoto, mafanikio. Ile karatasi nimefunikia maziwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na nitaandika vile ninavyoongea. Anayetaka changamoto atazikuta humu njiani.

Watu wa hapa bichi, huku ufuoni, hawaniiti kwa jina. Wananiita Nyar Awasi, binti wa Awasi, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa. Awasi ni nchi kavu. Maji niliyoyajua nikiwa msichana ni ya kisima, na ya mvua ikiingia ndani kwa paa bovu. Nilipoolewa huku ziwani, siku ya kwanza mama mkwe alinipa ndoo akaniambia niende nichote. Nilisimama pale ukingoni nikaona maji hayana upande wa pili. Nilichota kwa mkono mmoja, na ule mwingine nimeshika majani. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Miaka mingi baadaye nikawa mwenyekiti wa wamama wa samaki, na bado nilikuwa nachota vivyo hivyo.

Kazi yetu ilikuwa mgongo wazi. Ninyi mmekuta samaki mzima, hamjui. Wakati viwanda vilipoanza kununua mbuta, yule samaki mkubwa, nyama ilipandishwa kwenye magari ya barafu ikaenda ng'ambo, sisi tukabaki na kichwa na mifupa. Huo ndio mgongo wazi. Tuliukaanga kwa karai tukauza Nyamasaria, tukauza mpaka Muhoroni siku ambazo wakata miwa wanalipwa. Ukinusa nguo yangu ya wakati ule utajua nilikuwa nafanya nini hata kama umefumba macho.

Aliyenifundisha kukopesha ni Mama Perez, mwenyekiti wa kwanza, Mungu amlaze. Alikuwa mfupi, mkali, na anaongea kama mtu anayefukuza kuku. Alikuwa akiniambia, "Nyar Awasi, mtu akiomba mkopo usimsikilize sokoni. Sokoni kila mtu ana mipango. Mfuate kwake wakati anapika." Basi tulikuwa tunaenda. Ukifika na sufuria ikafunikwa haraka, unajua huyu anaona aibu, na mwenye aibu analipa. Lakini ukifika na bwana wa nyumba akawa wa kwanza kukusalimu, anacheka, anakuletea kiti mwenyewe, kunywa chai uende zako. Huo mkopo ni wake. Siku moja mimi nilijifanya najua kuliko Mama Perez, nikapitisha mkopo wa mama mmoja ambaye bwana wake aliniletea kiti na mto wa kukalia. Ule mkopo uligeuka baiskeli, baiskeli ikaenda Muhoroni, ikakaa huko na mke mwingine. Mama Perez hakunigombeza. Kila nikikaa kwenye mkutano alikuwa ananiuliza, "Nikuletee mto?"

Huyo Mama Perez alikuwa na binti mmoja, Rose. Rose alikuwa nesi, akapata kazi Uingereza, akaenda. Mama yake alipofariki, Rose alikuja kuzika, akatukuta jikoni tunapika, akalia juu ya mabega yetu mmoja mmoja. Akasema, "Kikundi cha mama yangu hakitakufa." Aliporudi huko aliwakusanya watu wa kwetu wanaoishi huko, manesi wenzake, walimu, dereva mmoja wa basi, wakawa wanachanga kila mwezi. Hawakuwa matajiri. Nataka mjue hilo, kwa sababu ninyi mkisikia mtu yuko ng'ambo mnafikiri anachuma pesa kwenye mti. Rose alikuwa akilala mchana na kufanya kazi usiku ili sisi tupate mtaji.

Siku hizi mnaandika ujumbe kwa simu na pesa inalia mfukoni. Sisi simu ilikuwa dukani Nyamasaria, na Rose alikuwa anatupigia Jumamosi. Tulikuwa tunaoga kwenda kupokea simu. Mical, mweka hazina wetu, mwanamke mnene mwenye mdomo, alivaa viatu vya kanisani. Nikamwambia, "Mical, Rose hakuoni." Akasema, "Lakini mimi ninajiona. Siwezi kuongea na Uingereza nikiwa na patipati za kuogea miguuni."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Watu wanafikiri katika kazi hii unaogopa mwizi, au unaogopa mtu asiyelipa. Hapana. Mtu unayemwogopa kuliko wote ni yule aliyekupa. Asiyelipa unaweza kwenda kukaa mlangoni kwake mpaka aone haya. Aliyekupa utamfanya nini? Akisema kitu unaitikia. Akicheka unacheka. Akikosea unasema, "Sawa, mama." Na kadiri anavyokupenda ndivyo unavyomwogopa zaidi, na Rose alitupenda sana.

Watu wa Rose walitununulia boti. Boti na injini. Msiichukulie rahisi. Mama asiye na boti alikuwa anangoja mvuvi ufuoni, na wavuvi wengine walitaka walipwe kwa njia ambayo sitaiandika hapa, mnaijua. Boti yetu wenyewe ilikuwa na maana kwamba mama anaamka asubuhi, anaenda bichi, anachukua samaki wake, anarudi nyumbani na heshima yake. Tulimwajiri Okello aiendeshe, mtoto wa bichi, kijana mwenye mke na watoto, mtaratibu sana. Aliiosha ile boti kama mtu anayeosha ng'ombe wa mahari.

Baada ya hapo watu wa Rose walikuwa wanataka kutoa msaada wa pili, mfuko wa mikopo kwa wamama wote wa bichi. Huo ndio mfuko mnaoukalia leo. Lakini walitaka picha. Tukapiga picha, boti iko mchangani na sisi tumesimama kando. Rose akapiga simu. "Mama, wanasema boti ikiwa mchangani inaonekana kama inauzwa. Wanataka kuwaona mkiwa ndani, majini, mkifurahi. Nakuja likizo, nitaipiga mwenyewe."

Nilishika ile simu. Mical alikuwa ananiangalia, Consolata alikuwa ananiangalia. Consolata alikuwa mdogo wetu katika kikundi, amejifungua si muda mrefu, mtoto mgongoni, na tayari alikuwa amenionyesha mahali atakapoweka kibanda chake ule mfuko ukija.

"Sawa, mama," nikamwambia Rose.

Mwanamke hapandi boti hapa kwetu kwenda kutembea. Kuvuka, ndiyo, kama kuna matanga upande wa pili na hakuna njia nyingine. Kazi yake ni ufuoni. Kuna wazee ambao mpaka leo hawataki mwanamke akanyage ndani ya boti ya kuvulia. Okello aliniambia wameguna. Nikamwambia wazee hawatoi mikopo.

Miaka hiyo ndiyo gugumaji, yale majani yanayoelea, lilikuwa limeingia. Ninyi mnaliona limebaki huku na huku, mnapiga nalo picha kwa sababu lina maua. Wakati huo lilikuwa linatembea. Unalala, ziwa liko wazi. Unaamka, umefunguliwa mlango wa shamba la kijani mpaka yanakoishia macho, na boti zimefungwa ndani kama kuku. Upepo ndio uliokuwa unalisukuma. Asubuhi linaenda huko, mchana linarudi, na likirudi halipigi hodi.

Siku ya picha ilikuwa siku kubwa. Kwaya ya kanisa ilikuja na ngoma yake, sufuria za wali zilikuwa jikoni, watoto wameoshwa. Rose alikuja na kamera yake shingoni, amependeza, anafanana na mama yake pale kwenye mashavu. Okello alinivuta kando.

"Mama, gugu liko pale," akasema, ananionyesha kwa kidevu. "Upepo haujatulia. Tungoje kesho."

"Kesho Rose anaenda Nairobi kupanda ndege."

"Basi mwambie tupige hapa karibu."

Nikageuka. Rose alikuwa anawapanga wamama kwa rangi za nguo. Akaniita, "Mwenyekiti, wewe ukae mbele!" Nikamwangalia Okello, Okello akaangalia miguu yake. Wote wawili tulikuwa na lile neno mdomoni na hakuna aliyelitoa. Tukapanda.

Boti ilipotikisika mara ya kwanza nilishika ubao, nikashika na gauni la Mical.

"Nyar Awasi, utanivua mbele ya kwaya," Mical akasema.

"Afadhali uvuliwe."

"Okello, hii boti inabeba kilo ngapi?"

"Samaki au wamama?"

"Mwangalie! Endesha injini yako."

Tulicheka, na Rose akapiga hiyo picha mnayoiona. Ndiyo maana tunacheka. Nyuma yetu kwenye picha kuna mstari mwembamba wa kijani. Mnafikiri ni nchi kavu ya upande wa pili. Si nchi kavu. Ni gugu, linakuja.

Rose akasema, "Mbele kidogo, jua liko vibaya." Tukaenda mbele kidogo. "Kidogo tena." Halafu upepo ukageuka. Sikuusikia kwanza usoni, niliuona kwa kofia ya Consolata, iliyoinuka ikaenda. Okello alizungusha boti mara moja bila kumuuliza mtu. Lakini njia tuliyoijia haikuwepo. Majani yalikuwa yamekutana nyuma yetu kimyakimya, kama watu wanavyojaa kwenye matanga, ukigeuka unakuta huna pa kupita. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikazima.

 Ufuoni tuliwaona watu wetu, karibu kiasi cha kujua nani amevaa nini, mbali kiasi cha kutoziona nyuso. Ngoma ya kwaya ilikuwa inalia.

"Propela imekula majani," Okello akasema. "Na nyavu kuukuu pia, naona."

"Itatoka?" Rose akamuuliza.

"Lazima niingie nikate." Akavua shati. Halafu akasimama hivyo, shati mkononi, akaniangalia mimi, si Rose. "Mama, kamba tuliiacha nchi kavu kwa ajili ya picha. Na mimi sijui kuogelea."

Rose akashtuka. "Wewe ni mvuvi!"

"Navua ndani ya boti, dada. Sivui nikiwa ndani ya maji."

Rose akatugeukia. "Lakini ninyi mnaogelea. Si mmekaa ziwani maisha yenu yote?"

 Mical ndiye aliyemjibu. "Samaki ndio wanaogelea, Rose. Sisi tunawauza."

Tulivua leso zetu tukazifunga moja kwa nyingine, fundo juu ya fundo, tukamfunga Okello kiunoni. Siku nyingine tungemcheka kijana mzima amevaa leso za wamama wote wa bichi. Aliingia na panga. Majani yalifunguka, yakamfunika, yakafunga. Tuliona leso tu inaingia chini, nyekundu, halafu ya njano, halafu ya bluu. Ikakaza. Ikalegea. Mical aliyekuwa ameshika mwisho wake akaniangalia, na midomo yake ilikuwa imepauka. Mimi nilianza kuwaza mke wa Okello nitamkuta wapi, jikoni au nje, na nitaanza na neno gani. Kichwa cha Okello kilitoka upande mwingine kabisa, kimejaa mizizi myeusi, anatapika maji. Tulimvuta kama tunavyovuta gunia. Alikuwa amekata nyavu, lakini pini inayoishika propela ilikuwa imekatika, na pini nyingine ilikuwa nyumbani kwake dirishani.

Ndipo tulipoona maji miguuni. Gugu lilikuwa linasukuma ile boti ubavuni, na pamba iliyoziba katikati ya mbao ilikuwa imeanza kutoka. Maji hayakuwa mengi. Lakini ukiyatoa kwa kofia yanarudi, na ukipumzika yanapanda. Nyoka mmoja mwembamba alipita juu ya majani, pole pole, karibu na mkono wangu, kama mtu anayepita sokoni bila kununua. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto wa Consolata alikuwa analia njaa.

Sasa tukaanza kuita. "Njooni! Jamani, njooni!" Tuliita mpaka koo likauma. Ufuoni wakatusikia. Wakapiga vigelegele. Wamama wa kwaya wakaruka juu, ngoma ikaongezwa. Tukaita tena, nao wakaongeza tena. Walijua tumeenda kufurahi, sasa ni sauti gani nyingine watu wanaofurahi wangetoa?

Rose akafungua viatu. "Mimi nilijifunza kuogelea huko. Nitaenda niwaite."

Nilitazama yale majani. Nilimwona Okello, mwanamume mwenye nguvu, bado anatetemeka. Na yule alikuwa Rose, aliyetupa boti, aliyetupa kila kitu, anatuambia anataka kufanya nini, na midomo ya wamama wote ilikuwa tayari kusema sawa, mama.

"Rose," nikasema, "keti."

"Mwenyekiti, mimi naweza..."

"Nimesema hapana. Huko ulikojifunza maji hayana mizizi. Keti, chukua huo mfuko wa kamera utoe maji."

Aliketi. Alilia, lakini alikuwa anatoa maji huku akilia. Vijana, lile ndilo neno hapana la kwanza nililomwambia mtu aliyetupa kitu, na mbingu haikuanguka. Ningelisema tukiwa mchangani, nisingekuwa nalisema pale.

Maji yalifika kwenye vifundo. Mical akaacha kutoa maji. Akasema kwa sauti ya chini, "Kuna sauti moja tu ambayo wakiisikia hawatapiga ngoma."

Sote tulijua ni sauti gani. Consolata alishika mgongo wake kwa mikono yote miwili, mahali mtoto alipo. "Hapana. Mama, nakuomba. Mtoto wangu yuko hai."

Ninyi mliokulia mjini, hebu niwaambie. Nduru ni kile kilio cha msiba. Mikono kichwani, "Uwi! Uwi!" na jina la aliyekwenda. Ukisikia nduru unaacha chakula mdomoni, unakimbia. Lakini haipigwi bure. Haipigwi kwa mzaha, haipigwi kwa mtu anayepumua. Bibi yangu kule Awasi alikuwa anasema nduru ikitoka bila maiti inazunguka inamtafuta mwenyewe, na haikai hadi imempata. Mnaweza kusema hiyo ni imani ya zamani. Mimi ni mtu wa kanisa, nimebatizwa, na pale ndani ya boti nywele zilinisimama.

"Tukiilia sote," Consolata akasema, "inatulilia sote. Na huyu ndiye mdogo."

"Na isipokuwa na jina?" Rose akauliza.

"Isiyo na jina inachukua yeyote," Mical akasema.

Mtoto alinyamaza. Nafikiri hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, mtoto kunyamaza. Okello alikuwa anatoa maji kwa mikono mitupu. Niliwaangalia mmoja mmoja, nikawa kama mtu anayegawa mikopo, nani apewe, nani asipewe. Hata Mama Perez hakunifundisha kugawa kitu kama hicho. Basi nikavua kofia, kwa sababu nduru haipigwi ukiwa na kofia. Nikaweka mikono kichwani. Nilisimama, mimi wa Awasi, nilisimama wima ndani ya boti.

"Uwi!" nikalia. "Uwi yawa! Nyar Awasi ametuacha! Uwi! Nyar Awasi amekwenda, mwenyekiti wenu amekwenda!"

Mical alinishika miguu. Sauti ilipita juu ya majani, nikaisikia ikienda, ni sauti yangu na ninajililia mimi mwenyewe. Ngoma ikakatika katikati ya pigo. Ufuoni watu walisimama kama walivyokuwa. Halafu niliona wanaume wanavua mashati wakikimbia, wanasukuma boti mbili, wana miti mirefu na mapanga, wanalichana gugu kama wanaolima. Ilichukua muda mrefu. Nililia mpaka waliponifikia, niliogopa nikinyamaza wataacha.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja wa wale walioguna. Aliniona nimesimama, mikono kichwani. Akarudi nyuma. "Nyar Awasi," akasema, "si wewe ndiye umekufa?"

"Wachukue hao kwanza," nikamwambia. "Anza na mwenye mtoto."

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Rose alienda na ndege yake. Msaada wa pili ulikuja, kwa picha hiyo hiyo, na alipopiga simu Nyamasaria aliniambia, "Mama, ile sauti naisikia hata nikiwa wodini." Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Lakini mkutano uliofuata tuliongeza cheo katika kikundi. Zaidi ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tulimchagua mtu wa kusema hapana. Mgeni akija, akitoa wazo, huyo mtu ni lazima aseme hapana kwanza, hata kama wazo ni zuri, ili wengine tupate nafasi ya kufikiri na mgeni azoee kulisikia. Mical alikifanya cheo hicho mpaka akazeeka, na wageni walimpenda kuliko sisi sote. Nimeangalia viongozi wenu walioandikwa mlangoni. Mna mkurugenzi, mna mratibu, mna mshauri. Huyo wa hapana simwoni.

Kuhusu hofu, haikuisha. Mwaka ule wote kila nikikohoa wamama walinitazama. Mimi nilikuwa namtazama mtoto wa Consolata, kwa sababu nilikuwa sijui kama nduru inaheshimu jina uliloipa. Akipata homa nilikuwa wa kwanza kufika na maji ya limau. Mtoto huyo alikua. Ndiye Omondi, katibu wenu, aliyeniletea ile karatasi ya changamoto.

Lakini jioni ya siku ile ile nilikuwa sijui kama atakua. Nilifika nyumbani na gauni limeniganda mwilini. Baba Atieno, bwana yangu, alikuwa amesikia kilio akiwa shambani, amesikia na jina. Nilimkuta amekaa mlangoni, jembe limelala magotini, watoto wamemzunguka. Aliponiona hakusimama. Alinigusa mkono kama anagusa chuma cha moto.

"Umejililia," akasema. "Mwanamke, umejililia mwenyewe, na mimi nimesikia. Sasa itakuja hapa."

"Najua."

"Tutafanya nini?"

Nilikunywa maji kwanza. Niliwaangalia wote, bwana, watoto, shemeji yangu aliyekuwa anaishi nasi, na hata mama mkwe aliyekuwa amekuja na fimbo yake. Watu wa ziwa tangu babu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuelea.

"Kesho asubuhi, kabla ya chai," nikasema, "kila mtu wa boma hili anaingia majini mpaka shingoni, na hatutoki mpaka tumejifunza. Baba Atieno, na wewe. Mama, wewe utakaa ukingoni ushike kamba. Mimi nitatangulia. Hiyo nduru ikija kumtafuta mwenyewe, itukute tunaelea."